Gurudumu Halikuchomoka

Nimeandika mwanzo wa habari hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nilianza na mbao, kwa sababu mbao ndizo ninazozijua. Safari hii naanza na mkono wa mdogo wangu, nami nasema mapema kwamba ulipona. Sipendi kumweka mtu roho juu kwa jambo ambalo mwenyewe najua lilivyokwisha. Mimi niliwekwa roho juu wiki sita nzima, na zinatosha kwa ukoo wote.

Ilikuwa Mikumi, enzi za ruksa. Waliokuwa na akili wakati ule wanakumbuka. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu mpaka mlangoni, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa kwenye gulio, na mtu akikuuliza kama jambo fulani linafaa kufanywa, unamjibu kwa neno moja tu: ruksa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikabaki nyumbani kumsaidia mama kupika wali na maharage kwa madereva wa malori wanaopita kwenda Iringa na Mbeya. Mama alitaka nijifunze cherehani. Mimi nikajifunza useremala, bila mwalimu, kwa kuchungulia kazi za watu na kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kilichokosa jalada, nilichokisoma neno kwa neno kwa msaada wa kamusi.

Nina ugonjwa wa kurudia. Kiti changu cha kwanza kilikuwa kinayumba. Nikapunguza mguu mmoja, kikayumba upande wa pili, nikapunguza mwingine, na ilipofika alasiri kilikuwa kigoda cha kukunia nazi. Mama alikikalia bila kusema neno. Nilikaa siku mbili sili vizuri. Watu wanadhani anayependa kazi safi anajiamini. Mimi nilipenda kazi safi kwa woga. Niliona kwamba kitu nilichokitengeneza kikiharibika, mimi ndiye nitakayekuwa nimeharibika, na kila mtu ataona.

Siku moja katika robota la viatu pale gulioni pakatokea ubao wa plastiki wenye magurudumu manne madogo chini yake. Mwuzaji hakujua ni kitu gani. Alipanga viatu juu yake. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kumi na sita na amekwisha kuanza kujifunza ufundi kwenye gereji moja, aliomba kusimama juu yake, akapanda, akateleza hatua tatu, akaangukia kwenye rundo la sweta. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari njema. Bei ilitushinda. Nikaomba kamba ya viatu nikaupima: urefu, upana, umbali kati ya gurudumu na gurudumu. Mwuzaji akaniuliza kama nataka kuushonea nguo.

Ndivyo zilivyoanza beringi. Tuliziita hivyo kwa sababu magurudumu yake yalikuwa beringi chakavu za malori ambazo mdogo wangu alizipata gereji. Mbao nilitumia mabaki ya mninga. Ekseli zilikuwa za mti mgumu, nazo ndizo zilizoninyima usingizi, kwani vijana wengine walikuwa wakigongelea beringi kwenye mti na kuiacha hivyo, ikakaa wiki moja, kisha ikaruka ikiwa mtu yuko kwenye mwendo. Mimi nilitoboa tundu mwisho wa ekseli, nikapitisha msumari uliokatwa kichwa, nikaukunja pande zote mbili. Kisha nikaukagua. Kisha nikaung'oa na kuupiga upya, kwa sababu mkunjo mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine.

Vijana wanne walikuwa na beringi zangu. Walizipanda asubuhi za Jumamosi kwenye mteremko mdogo wa lami karibu na gereji, na sauti yake ilikuwa kama mashine ya kusaga inayokimbia. Mimi nilikaa juu ya pipa tupu la oili nikitazama magurudumu. Sikuwa natazama wanavyopanda. Nilikuwa natafuta kosa.

Sitasema hawakuwa na kosa lolote. Ile ni barabara kuu, ina mabasi, na Jumamosi moja dereva wa basi alilazimika kupiga breki kwa ajili ya mmoja wao. Alishusha kioo akawatukana mpaka bibi zao, akaenda zake. Nadhani ndiye aliyesema kituoni, kwa sababu haikupita nusu saa askari akaja kwa miguu, kirungu kikiwa kimelala mkononi kama mtu anavyoshika mwavuli. Kituo chenyewe sitakitaja. Barabara ile ina vituo kadhaa, na watu wake wengi hawakunifanyia baya.

"Nyie wazururaji," alisema, bado akiwa mbali. "Hata barabara ya serikali mmeifanya ruksa?"

Vijana wakatawanyika. Watatu waliruka mtaro wakapotelea kwenye migomba. Mdogo wangu naye aliruka mtaro, nilimwona kwa macho yangu akiwa upande wa pili, salama. Kisha akasimama, akageuka, akarudi. Ubao wake ulikuwa umebaki ukingoni mwa lami, magurudumu juu. Aliinama akauchukua, na alipoinuka askari alikuwa amefika.

Askari hakuuliza kitu. Aliinua kirungu na mdogo wangu akainua mkono wa kulia mbele ya uso wake, kama unavyofanya jua likikupiga. Nikasikia sauti. Nimefanya kazi na mbao maisha yangu yote na ninajua sauti ya kitu kikavu kinapopasuka ndani bila kuachana. Pigo la pili lilimpata begani, akaanguka.

Mimi nilikuwa nyuma ya lile pipa. Nilikuwa nimeshuka na kuchuchumaa, sijui saa ngapi. Hapa ndipo huwa naacha kuandika na kwenda kupiga randa kitu fulani. Nilikaa pale mpaka walipoondoka, yeye akitangulia ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine, askari nyuma amebeba ubao kwapani. Ndipo nikakimbia kumwita mama.

Mama alikuja na kanga yake ya jikoni, mikono bado ina unga. Tulipoingia kituoni askari yule yule alikuwa kaunta. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni, na ubao umeegemezwa ukutani karibu naye. Mkono ulikuwa umevimba katikati, kati ya kiwiko na kiganja, na alikuwa ameukumbatia kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, afande," nikasema.

Ndiyo. Nilimwamkia. Haikupita saa moja tangu nimwone akimpiga mdogo wangu, na mdomo wangu ukatoa shikamoo kabla sijaufikiria, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu na ndivyo tulivyolelewa. Naye akaitika, kwa upole kabisa, "Marahaba. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Hiki kidude nani amekitengeneza?"

"Sijui, afande."

Mdogo wangu alinitazama. Hakunilaumu kwa macho, na ningependa angenilaumu. Alitazama tu, kisha akarudisha macho kwenye mkono wake.

Mama hakuwa na habari na kidude. "Baba," alimwambia askari, "mkono wa mtoto umevunjika huu. Tumpeleke hospitali."

"Hospitali watamwona, mama. Lakini wewe ni mtu mzima, unajua. Bila PF3 hawamgusi."

Kila mtu alijua. Mtu aliyeumizwa kwa kupigwa au kwa ajali hapokelewi hospitali mpaka aje na fomu ya polisi inayoeleza alivyoumia. Si sheria mbaya. Nilikuwa sijawahi kufikiria siku ambayo aliyeumiza na mwenye fomu watakuwa mtu mmoja.

"Sasa tuelewane," askari alisema, akaivuta fomu. Hakuwa na hasira tena. Alizungumza kama mtu anayetusaidia, na nadhani yeye mwenyewe aliamini hivyo. "Kijana alikuwa anachezea barabarani akaanguka. Naandika ameanguka, mnaondoka sasa hivi, wahini hospitali. Habari ya kuhatarisha usalama barabarani na uzururaji tunaiacha hapa hapa. Au mnataka niandike yote, alale ndani mpaka Jumatatu apelekwe mahakamani na mkono huo?"

Mama alitazama mkono. Palikuwa na mzee mmoja tuliyemjua, kibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge ya Kilosa, ambaye mkono wake uliungana vibaya ujanani. Alikuwa akinyoosha mkono kupokea kitu, kiganja kinatazama chini. Najua mama alimwona mzee yule kwa sababu mimi pia nilimwona.

"Andika, baba," mama alisema. "Andika ameanguka."

Akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikubali. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye watu walinisifu. Nilikuwa nimekwisha kumkana ndugu yangu mara moja, na sasa nikaukana na mkono wake, na moyoni nikaona nafuu kwamba mambo yanakwisha.

Askari aliandika huku akisoma kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayetoa imla. "Alikuwa... akiteleza kwa ubao... katika barabara kuu... ndipo alipoanguka... baada ya gurudumu la nyuma... kuchomoka."

"Halikuchomoka," nikasema.

Aliinua kalamu. "Nini?"

"Gurudumu, afande. Halikuchomoka."

"Wewe ulikuwepo?"

"Hayachomoki yale. Yana msumari ndani, umekunjwa pande mbili."

"Na wewe umejuaje habari za msumari?"

Mama alinikanyaga mguu, kwa nguvu. Niliusikia uchungu na bado mdomo ukaendelea. "Niliukunja mimi."

Naapa sikuwa nikitetea haki. Kama angeandika kwamba mdogo wangu ni mwizi, labda ningenyamaza. Alichoandika ni kwamba kazi yangu ni mbovu, na jambo hilo mwili wangu haukuweza kulimeza. Nililijua wakati huo huo, nikaona aibu, na aibu hiyo haikunifunga mdomo.

Mlango wa ofisi ya nyuma ukafunguka. Mkuu wa kituo alitoka na kikombe cha chai, mtu wa makamo, mnene, kandambili miguuni kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vinaanikwa dirishani. "Nani huyo fundi?" akauliza.

Nilinyoosha mkono kama darasani.

"Wewe binti?"

"Ndiyo, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Lete hicho kitu."

Aliweka kikombe kaunta, akaupokea ubao, akaugeuza. Akashika beringi ya nyuma akaizungusha. Akaivuta. Akaipinda huku na huku, uso ukamwiva. Akashika ya pili. Akauweka ubao sakafuni, akausukuma kwa kandambili, nao ukakimbia kwenye korido yote ya kituo kwa kelele yake ile, ukagonga mlango wa mahabusu.

"Afande," sauti ikatoka ndani ya mahabusu, "na sisi tupande kidogo, tutarudi."

Mkuu wa kituo hakucheka, lakini tumbo lake lilicheka. Akamgeukia askari. "Lipi lililochomoka?"

"Pengine aliteleza tu, afande."

"Umeandika limechomoka."

"Nilidhani, afande."

"Ulidhani." Akamwinamia mdogo wangu. "Wewe. Ulianguka?"

Mdogo wangu alinitazama tena. Sijui alichokiona. "Kuanguka nilianguka, afande," alisema. "Baada."

"Baada ya nini?"

"Baada ya kirungu."

Nje lori lilipita likibadilisha gia. Askari alikuwa anatazama kalamu yake. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni kijana, labda amenizidi miaka mitano, na sikio lake moja lilikuwa limekuwa jekundu. Sikumhurumia. Nilikuwa nikihesabu ni makosa mangapi tumejiongezea: uzururaji, kuhatarisha barabara, mimi kusema uongo, sasa kumsingizia askari. Nilikuwa na hakika tutalala mle sote watatu, na mkono utaungana vibaya usiku huo huo, kwa ajili ya msumari wangu.

Mkuu wa kituo alivuta fomu akachukua kalamu mwenyewe. Akapiga mstari juu ya maneno ya askari, akatia sahihi pembeni, akaandika juu yake. Kisha akasoma, kwa kuwa mama hajui kusoma na yeye alilitambua hilo bila kuuliza: "Anadai kupigwa na kitu kizito mkono wa kulia."

"Hapana," mama alisema.

"Hapana nini, mama?"

"Mwanangu hamdai mtu."

"Si deni hilo, mama. Ni lugha ya kazi. Anadai, yaani ndivyo anavyodai."

"Ndiyo hiyo hiyo. Leo mnaandika anadai, kesho mnakuja nyumbani mnaniuliza tunawadai nini serikali. Sisi hatudai. Futa. Andika hatudai kitu."

"Nikiandika hadai kupigwa, daktari atasema basi hakupigwa."

"Amepigwa," mama alisema. "Na hadai."

Mkuu wa kituo alinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mkalimani wa mahakama. Nikamgeukia mama, nikamweleza kwa Kividunda, lugha tuliyokuwa tukiitumia kwa bibi tu na kwa mambo ya ndani. Nilimwambia kwamba neno hili serikalini lina maana nyingine, kwamba halina fedha ndani yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Kama lina maana nyingine watafute neno lake."

Nilidhani sasa basi. Lakini mkuu wa kituo alivuta pumzi, akapiga mstari mwingine, akatia sahihi nyingine, akaandika. "Anasema alipigwa. Hilo je?"

"Hilo sawa," mama alisema. "Maana amesema."

Alipiga muhuri. Aliyempiga ni nani, hakuandika, na mimi sikuuliza. Nilijua mpaka wa wema wake umefika hapo. Na kwa kuwa nimeahidi kusema yote: nilipoipokea fomu ile yenye mistari miwili ya kufutia na sahihi zimebanana pembeni, mdogo wangu amesimama karibu yangu uso umekuwa wa majivu, nilitamani kuomba fomu nyingine ili iandikwe vizuri. Nilifungua mdomo kabisa. Namshukuru Mungu nikaufunga.

Tulipokuwa mlangoni askari alisema nyuma yetu, bila kuinua macho, "Fundi. Ukitengeneza vingine utie na breki."

Dereva mmoja aliyekuwa mteja wetu alikuwa anapeleka mahindi Kilosa. Mama alimketisha mdogo wangu mbele karibu na dirisha, mkono umefungwa kwa kanga kwenye kipande cha ubao nilichokichagua haraka, bila kukipiga hata msasa. Njia ile ya vumbi ina mashimo, na kila shimo nililiona likija kutoka mbali nikalichukia. Yeye hakulia. Alikuwa anatoka jasho tu. Tulipovuka kijiji cha Ulaya nilimuuliza, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Ulikuwa umeshavuka mtaro. Kwa nini ulirudi?"

"Kuchukua ubao."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Si ungeniuliza uko wapi."

Hakukusudia kunichoma. Ndiyo sababu ilinichoma mpaka leo. Niliwahi kumsema siku nzima kwa sababu aliuacha ubao kwenye umande. Alimwogopa askari, lakini mimi aliniogopa zaidi kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichomrudisha. Nilitazama nje mpaka Kilosa.

Tulilala kwa mjomba karibu na reli, na asubuhi tukapanga foleni hospitali. Daktari alikuwa mtu mwembamba asiyemaliza sentensi. Alisoma fomu, akasoma ilipofutwa, akainyanyua kwenye mwanga akasoma na kilichokuwa chini ya mstari wa kwanza. Kisha akaugusa mkono.

"Anayeanguka," alisema, akanyoosha kiganja chake kuelekea sakafuni, "huvunjika huku chini, karibu na kiganja. Anayejikinga..." Akainua mkono wake mbele ya uso, vile vile. Vile vile kabisa. Mama akageuka ukutani.

"Wameandika sawa," daktari alisema, akatupeleka kupiga picha ya mfupa.

Kungojea ile picha ni saa mbili ambazo sitaki nirudishiwe. Nilikuwa nimeona watu wakitoka chumba kile na kuambiwa Morogoro, na baada ya Morogoro kuambiwa Dar es Salaam, na baada ya hapo wanauza shamba. Mama alikuwa anasoma dua kwa midomo tu. Mimi nilikuwa naangalia vigae vya sakafu, kimoja kimepandana na mwenzake, na ninafikiri nilikuwa nakichukia kigae kile kuliko nilivyomchukia askari.

Daktari akatoka ameishika picha kwa kidole na gumba. "Mfupa mmoja. Haukuhama."

"Maana yake nini, daktari?" nikauliza.

"Maana yake umepasuka ukabaki mahali pake. Tunafunga muhogo, wiki sita, asiulowanishe."

"Hakatwi?" mama aliuliza.

"Akatwe nini, mama?"

"Alhamdulillahi," mama akasema, akaketi sakafuni, si kwenye benchi. Mimi nilianza kucheka. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia, nikatoka nje nikacheka karibu na bomba la maji, na mwanamke aliyekuwa anafua akaniuliza nimepata mtoto gani.

Muhogo ni jina tunaloipa plasta kwa jinsi inavyokuwa nyeupe na nene. Wiki sita alikuwa nao. Fomu ilirudishwa kituoni, mkuu wa kituo akamuuliza mama kama anataka kuendelea na shauri, na mama akasema anataka kuendelea na kupika. Mimi sikumpinga. Zipo siku nimejilaumu na zipo siku nimemwelewa; alikuwa na jiko kando ya barabara, na askari wanapita barabarani kila siku. Yule askari naye alikuja kula mara moja, wiki ya tatu au ya nne. Mama alimpakulia kwa upawa ule ule, kipimo kile kile. Alimkuta mdogo wangu akila kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, kwenye benchi la pembeni. Alikula haraka, akaacha nusu ya wali, na kwa mama kuachiwa wali ni tusi, kwa hiyo angalau wakawa na hilo kati yao. Alikuwa na desturi ya kutukejeli sisi watengenezaji wa vidude. Baada ya siku ile alipita upande wa pili wa barabara.

Beringi zikarudi. Vijana walihamia kwenye sakafu ya ghala la ushirika lililofungwa, pana na laini, ambako hakuna basi. Nilizitengenezea breki, kipande cha tairi kwenye kigingi. Si kwa ajili ya yule askari. Zilihitajika.

Lakini hayo yote yalikuwa pembeni. Mimi niliishi ndani ya ule muhogo. Nilijua mfupa umo mle, unaungana gizani, na hakuna anayeweza kuuona kama unaungana sawa. Kila asubuhi nilimwambia achezeshe vidole, naye alivichezesha mbele ya pua yangu mpaka nikaondoka.

Siku ya kuukata tulikwenda Kilosa sote watatu, mama akafunga jiko, jambo ambalo hakulifanya hata kwa misiba ya majirani. Daktari alikata kwa mkasi mkubwa kama wa bati. Mkono uliotoka ulikuwa mwembamba, una magamba, una harufu, na vinyweleo vimelala upande mmoja. Kwangu ulikuwa mkono wa mtu mwingine.

"Geuza kiganja juu," daktari alisema.

Mdogo wangu alikaza meno. Kiganja kikapanda, polepole, kikafika ubavuni, kikasimama. Nilimwona yule mzee wa mkonge. Kisha kikapanda tena, kikatetemeka, kikafika juu. Si juu kabisa. Kilibaki na mwinamo mdogo, ungeweza kuweka maharage juu yake na yangedondoka taratibu upande mmoja.

"Hapo palipobaki," nilisema, "patakuja?"

"Pengine. Pengine la. Anaweza kushika spana?" Daktari akampa mkono wake mwenyewe. "Minya." Mdogo wangu akaminya, na daktari akautoa mkono haraka akaupunga hewani. "Nendeni nyumbani."

Hatukwenda nyumbani mara moja. Karibu na stesheni palikuwa na mama anayeuza chakula, na mama yangu, aliyekuwa haamini chakula cha mtu mwingine, aliagiza ugali na samaki kwa watu watatu. Mwuzaji akaleta kijiko kwa kuwa aliuona ule mkono. Mama akakirudisha. Akachukua birika la maji ya uvuguvugu, akamnawisha mdogo wangu mkono wa kulia, taratibu, kidole kwa kidole, magamba yakitoka na maji.

Akamega tonge. Lilimponyoka. Akamega lingine, kubwa mno, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni na kidevu chote kikalowa.

"Polepole," mama alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Hakumsikiliza. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka safari, na alipomaliza ugali wake akauvuta wangu, nami nikamwachia.